Sura ya Tano: Profesa Aliyeipa Gridi Saa Moja

Inakuwaje kitu kimoja kiharibike mahali pamoja, kisha nchi nzima ikose umeme?

Swali hili huulizwa vijiweni, ndani ya daladala na matatu, na kwa kinyozi mashine inapozima kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Wakenya waliliuliza tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipopanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kwenye Mto Tana na kuangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mitambo mingine ya kituo ikalemewa na kutoka, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme. Waliliuliza tena Agosti 2023. Watanzania nao waliliuliza usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024, Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu.

Jibu la haraka ni kwamba umeme hautoshi. Jibu hilo linapotosha, na madhara yake si madogo, kwa sababu linaelekeza macho ya wote kwenye mabwawa na mitambo mipya wakati ugonjwa uko kwingine. Umeme usipotosha, matokeo yake ni mgao: mtaa huu leo, ule kesho, na ratiba inatangazwa. Gridi yote kuanguka ndani ya dakika chache ni jambo jingine kabisa. Hutokea hata maji yakiwa yamejaa bwawani na mitambo ikiwa mizima.

Kuna mhandisi aliyelichimba jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, kwanza ndani ya kampuni ya umeme, kisha chuo kikuu. Anaitwa Arun Phadke. Simu yako haina jina lake na taa yako haina nembo yake, lakini wahandisi wa umeme duniani kote wanalifahamu, na kazi yake inatoa jibu zuri kuliko yote ninayoyajua kwa swali letu.

Gridi haina ghala

Tuanze na gridi yenyewe. Gridi ni mtandao wa mitambo ya kuzalisha umeme, njia kubwa za kuusafirisha, vituo vya kuupoza, na nyaya zinazoufikisha nyumbani. Tofauti na tangi la maji, gridi karibu haihifadhi kitu. Ukiwasha pasi Mwanza, sekunde hiyo hiyo kuna mtambo mahali fulani lazima uongeze nguvu.

Mizani hiyo husomwa kwenye masafa, yaani idadi ya mara ambazo wimbi la umeme hupanda na kushuka kwa sekunde. Afrika Mashariki ni mara 50, Marekani ni 60. Watumiaji wakizidi uzalishaji, mitambo yote iliyounganishwa hupunguza mwendo kwa pamoja na masafa hushuka. Yakishuka sana, vifaa maalumu huzima baadhi ya mitaa vyenyewe, bila kusubiri amri ya mtu, ili iliyobaki ipone. Ndiyo maana wakati mwingine mtaa wako unazima ghafla huku wa jirani ukiwaka, na baada ya muda mfupi umeme unarudi bila fundi yeyote kuonekana. Huenda ulikatiwa wewe ili nchi isizime.

Kipimo cha pili hakijulikani sana, nacho ndicho kiini cha sura hii. Fikiria wapiga makasia wa mtumbwi mmoja mrefu. Wote wanapiga kwa mwendo mmoja, lakini makasia hayaingii majini papo hapo. Wa mbele anatangulia kidogo, wa nyuma anafuata. Mitambo ya gridi iko hivyo. Yote huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini wimbi la umeme la kituo kimoja hutangulia la kingine. Tofauti hiyo hupimwa kwa digrii na huitwa pembe. Umeme hutoka penye pembe ya mbele kwenda penye pembe ya nyuma, na kadiri mzigo unavyoongezeka, pembe hupanuka. Ikikaribia digrii 90 kati ya ncha mbili za njia, njia hiyo imefika ukingoni. Zaidi ya hapo mitambo ya pande mbili haishikani tena, na gridi hukatika vipande.

Kwa hiyo mtu mwenye kuijua pembe anajua gridi ina afya kiasi gani. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuipima moja kwa moja.

Mlinzi anayeamua kwa kufumba na kufumbua

Kila njia kubwa ya umeme ina mlinzi anayeitwa rilei. Rilei ni kifaa kinachopima umeme unaopita, kikigundua hatari huamuru swichi kubwa, yaani sakiti breka, ikate njia. Mti ukiangukia waya, rilei ina sehemu ndogo sana ya sekunde kuamua. Ikichelewa, transfoma ya thamani kubwa inaungua.

Rilei inayotumika sana kwenye njia ndefu ni rilei ya umbali. Hulinganisha msongo wa umeme na mkondo unaopita. Hitilafu ikitokea, msongo hushuka na mkondo hupanda, na kwa kugawanya kimoja kwa kingine rilei hukadiria hitilafu iko umbali gani. Kanda yake ya kwanza huangalia njia yake yenyewe. Kanda ya tatu huangalia mbali zaidi, hadi njia ya jirani, na husubiri kidogo kabla ya kukata, ikiwa akiba endapo rilei ya jirani itashindwa kufanya kazi.

Hapo pana mtego. Njia iliyobeba mzigo mzito sana huku msongo ukiwa umeshuka inafanana, machoni pa kanda ya tatu, na njia yenye hitilafu ya mbali. Rilei inaweza kuikata njia nzima ambayo haina kasoro yoyote, tena saa ile ile ambapo gridi inaihitaji kuliko wakati wowote.

Hatari ya namna hiyo ilijulikana tarehe 9 Novemba 1965. Katika kituo cha Sir Adam Beck, Ontario, karibu na Niagara, rilei moja ilikata njia moja kwa sababu mzigo ulivuka kiwango ilichowekewa miaka miwili nyuma. Hapakuwa na waya uliokatika. Mzigo ukahamia njia nne za jirani, nazo zikakatwa, na watu wapatao milioni 30 wa Marekani na Kanada wakaingia gizani. New York, wengine walikaa hadi saa 13. Rilei ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Gridi ilikuwa imekua, na maagizo hayakubadilika.

*Kwa ufupi:* masafa yanaonyesha kama uzalishaji na matumizi vinalingana. Pembe inaonyesha gridi imevutika kiasi gani. Rilei hulinda vifaa, na kwa kukata mahali pasipostahili inaweza kuiangusha gridi yote.

Kompyuta iliyokuwa polepole

Phadke alizaliwa Gwalior, India, mwaka 1938. Alisoma Agra, kisha Taasisi ya Teknolojia ya Kharagpur alikohitimu 1959, akavuka bahari kwenda Chicago kwa shahada ya uzamili, na mwaka 1964 akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin. Giza la 1965 lilimkuta kijana mwenye cheti kipya. Mwaka 1969 alijiunga na kampuni ya American Electric Power, New York, wakati ambapo wahandisi wachache walianza kuuliza kama kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya rilei za zamani za sumaku na vyuma.

Wazo lilikuwa jema, kompyuta zenyewe ndizo zilizokuwa goigoi. Umeme wa njia kubwa husafiri kwa nyaya tatu, yaani fezi tatu, na hitilafu inaweza kugusa fezi moja, mbili au zote, na hata ardhi. Rilei ya kawaida ilipaswa kukokotoa hesabu sita kwa pamoja ili ijue hitilafu ni ya aina gani. Kompyuta za miaka ya 1970 hazikuweza kuzimaliza ndani ya muda unaotakiwa.

Phadke na wenzake hawakukaa kusubiri kompyuta yenye kasi. Walirudi kwenye mbinu ya hisabati iliyotolewa na Charles Fortescue mwaka 1918, inayovunja mawimbi matatu yasiyolingana kuwa makundi yanayolingana, ambayo ni rahisi kukokotoa. Kwa mbinu hiyo hesabu sita ziligeuka kuwa moja. Rilei yao ya kompyuta, waliyoieleza hadharani mwaka 1977, iliweza kufanya kazi kwa kasi inayohitajika.

Watafiti wengi wangefurahia ushindi huo na kuendelea na mengine. Phadke aliangalia tena kilichokuwa kikitoka njiani. Ili ipate hesabu yake moja, rilei ilikuwa ikipima, kwa usahihi mkubwa na mara nyingi kila sekunde, ukubwa wa wimbi la umeme na mahali lilipofika katika mzunguko wake. Vitu hivyo viwili kwa pamoja huitwa fazori. Ukiwa na fazori ya vituo viwili kwa wakati mmoja, una pembe kati yao. Kilichotengenezwa kwa ajili ya kukata njia moja kilikuwa na uwezo wa kuonyesha hali ya gridi nzima. Mwaka 1983 yeye, James Thorp wa Chuo Kikuu cha Cornell na Mark Adamiak walichapisha namna ya kufanya hivyo. Wakati huo alikuwa ameshahamia Virginia Tech, alikoanza kufundisha mwaka 1982.

Saa kutoka angani

Maneno "kwa wakati mmoja" ndiyo yaliyokuwa kikwazo. Kwa masafa ya 50, mzunguko mmoja wa wimbi huchukua milisekunde 20, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Saa za vituo viwili zikipishana kwa milisekunde moja tu, pembe itakosewa kwa digrii 18. Kosa hilo linatosha kukuonyesha gridi imelemewa na kumbe iko salama, au kinyume chake. Simu ya mezani haiwezi kuziweka saa za Cleveland na New York pamoja kwa usahihi wa namna hiyo. 

Jibu lilikuja na satelaiti za GPS, ambazo wengi wetu tunazijua kwa ramani za simu. Kila satelaiti hubeba saa za atomiki, na kipokezi cha ardhini kinaweza kuupata wakati kwa usahihi wa milioni moja ya sekunde, yaani mikrosekunde. Kosa la mikrosekunde moja kwa masafa ya 50 ni digrii 0.018, dogo mno kumsumbua mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 satelaiti zilizokuwa angani zilikuwa chache na vipokezi vilikuwa ghali, lakini timu ya Virginia Tech haikungoja ziwe nyingi. Mwaka 1988 ilikamilisha kipimafazori cha kwanza: kisanduku kinachopima fazori na kukigonga kila kipimo mhuri wa wakati kutoka angani. Vifaa vya majaribio vilipelekwa kwa kampuni yake ya zamani, kwa mamlaka ya umeme ya New York, na kwa mamlaka ya Bonneville iliyo kaskazini magharibi mwa Marekani.

Ili uone tofauti, fikiria chumba cha udhibiti cha gridi. Kwa mfumo wa kawaida, mezani kwa mwendeshaji hufika vipimo kila baada ya sekunde chache, vingine vya sasa, vingine vya sekunde kadhaa nyuma, na kompyuta hukisia hali ya jumla kutokana navyo. Kipimafazori hutuma vipimo 25, 30, 50 au 60 kwa sekunde, vyote vikiwa na saa moja. Mtikisiko unaoanza na kuisha kati ya usomaji mmoja na mwingine wa mfumo wa zamani unaonekana wazi.

Thamani ya rekodi kama hizo ilijulikana tarehe 10 Agosti 1996, gridi ya magharibi mwa Marekani ilipoyumba na kupasuka, na wateja wapatao milioni 7.5 wakakosa umeme. Wahandisi walichukua vielelezo vya kompyuta walivyokuwa wakivitegemea kupanga kazi zao na kuvilinganisha na rekodi za siku hiyo. Kompyuta ilisema gridi ingetulia. Rekodi zilionyesha ikiyumba zaidi na zaidi hadi ikavunjika. Binafsi naliona tukio hili kuwa muhimu kuliko mengi yenye sifa kubwa, kwa sababu lilithibitisha kwamba wataalamu walikuwa wakiendesha gridi ambayo haikuwepo ila kwenye karatasi.

Alasiri ya Ohio

Somo hilo halikuenea haraka. Tarehe 14 Agosti 2003 lilirudi kwa nguvu zaidi. Saa 8:14 mchana, mfumo wa tahadhari katika chumba cha udhibiti cha kampuni moja ya Ohio uliacha kufanya kazi bila waendeshaji kujua. Kati ya saa 9:05 na 9:41 alasiri, njia tatu za msongo wa kilovoti 345 kusini mwa Cleveland zilikatika moja baada ya nyingine kwa kugusa miti ambayo haikupunguzwa. Hakuna hata moja iliyokuwa imezidishiwa mzigo. Ya kwanza ilibeba chini ya nusu ya uwezo wake.

Saa 10:06 kasoro sekunde chache ukaja ule mtego wa kanda ya tatu. Njia ya Sammis hadi Star ilikuwa imebeba mzigo mkubwa kwa msongo ulioshuka, rilei ikaona hitilafu isiyokuwepo, ikakata. Dakika saba baadaye yote yalikuwa yamekwisha: majimbo 8 ya Marekani na Ontario, watu wapatao milioni 50, megawati 61,800.

Kwa karibu saa nzima kabla ya hapo, pembe kati ya Cleveland na maeneo jirani ilikuwa ikipanuka. Ishara ilikuwepo kwenye nyaya, na hakuna aliyekuwa na kifaa mezani cha kuisoma. Hata baadaye, wachunguzi walihangaika na maelfu ya rekodi ambazo saa zake hazikulingana, wakijaribu kujua kipi kilitangulia. Ripoti yao ilitaka vifaa vya kurekodi vyenye saa moja viwe vya lazima. Fedha za serikali ya Marekani za mwaka 2009 ziliongeza kasi, na idadi ya vipimafazori Amerika Kaskazini ikapanda kutoka karibu 200 hadi zaidi ya 1,000 ndani ya miaka michache. Mwaka 2008 Phadke na Thorp walikuwa wameshatunukiwa Medali ya Benjamin Franklin kwa kazi hiyo.

Ugonjwa usioonekana mpaka siku ya msiba

Ingekuwa rahisi kuishia kwenye medali. Lakini Phadke na Thorp wana mchango mwingine ambao kwangu mimi una uzito uleule, nao unawahusu walinzi wenyewe. Katika miaka ya 1990 walichunguza swali lisilopendeza kwa watu wa rilei: ni mara ngapi mlinzi ndiye anayeongeza msiba? Walionyesha kwamba rilei inaweza kuwa na kasoro isiyojitokeza katika siku za kawaida. Swichi ndogo iliyochakaa, mpangilio uliopitwa na wakati, waya wa mawasiliano uliokufa. Siku zote ni shwari, vipimo vya chumba cha udhibiti ni vizuri, mpaka hitilafu itokee jirani. Hapo ndipo kasoro inaamka na kukata njia ya pili. Waliita hali hiyo hitilafu iliyojificha.

Hii inaeleza kwa nini kanuni ya kawaida ya wahandisi, kwamba gridi ihimili kupotea kwa kifaa chochote kimoja, haitoshi peke yake. Mlinzi mwenye kasoro hugeuza tukio moja kuwa mawili kwa wakati mmoja, na gridi haikupangwa kwa mawili. Baada ya Ohio, Phadke na Stanley Horowitz, mhandisi wa ulinzi aliyeandika naye vitabu, waliirudia kanda ya tatu katika makala ya mwaka 2006 na kueleza inafaa wapi na inadhuru wapi.

Miaka sita baadaye, tarehe 30 na 31 Julai 2012, gridi ya kaskazini mwa India ilianguka siku mbili mfululizo, na siku ya pili zaidi ya watu milioni 600 waliguswa. Njia kadhaa zilikuwa nje kwa matengenezo, mzigo umelundikana kwenye zilizobaki. Iliyoanza kutoka ilikuwa njia ya kilovoti 400 kati ya Bina na Gwalior, mji aliozaliwa Phadke. Rilei ya umbali, kanda ya tatu, iliona mzigo mzito ikadhani ni hitilafu. Vipimafazori vichache vilivyokuwa vimeshafungwa kaskazini viliwasaidia wachunguzi kuona nini kilifuata nini.

Singida hadi Isinya

Turudi Afrika Mashariki. Njia ya kilovoti 400 kutoka Singida hadi Isinya imeunganisha gridi ya Tanzania na ya Kenya. Njia kubwa kutoka Ethiopia hadi Suswa ni ya mkondo mnyoofu, kwa hiyo masafa ya Ethiopia hayavuki kuja Kenya. Ya Singida si hivyo. Inabeba umeme wa mawimbi, na nchi mbili zilizounganishwa nayo huzunguka kwa mwendo mmoja.

Hilo lina faida kubwa. Kila mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere, Rufiji, una megawati 235, na mitambo hiyo ilianza kuwashwa wakati mahitaji ya nchi nzima yalikuwa chini ya megawati 2,000. Mmoja ukitoka ghafla, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wa nchi imeondoka. Ukiwa umeunganishwa, jirani husaidia katika sekunde za kwanza. Lakini msaada huo lazima upite njiani, pembe kati ya Singida na Isinya lazima ipanuke, na rilei za njia hiyo lazima zitambue kwamba mzigo ule mzito ni msaada, si hitilafu.

Kwa hiyo ripoti ya gridi kuzimika inapotoka, msomaji asiridhike na neno "hitilafu". Aulize:

- Kifaa gani kilitoka kwanza, na gridi ilipaswa kukihimili?
- Njia iliyofuata ilikatwa kwa sababu ya hitilafu ya kweli, au rilei ilidhani ipo?
- Rekodi za vituo zilikuwa na saa moja, au wachunguzi wanakisia mfuatano?
- Mipangilio ya rilei hizo ilipitiwa lini mara ya mwisho?

Swali la nne ndilo husahaulika. Mtambo mpya unapowashwa au njia mpya inapounganishwa, mzigo huhama, na kila rilei iliyopangwa kwa gridi ya zamani inabidi ihesabiwe upya kisha ijaribiwe pale ilipofungwa. Hiyo ni kazi ya mafundi wa ulinzi wanaozunguka vituo vya kupoza umeme kimoja kimoja. Inahitaji watu waliosomea, ruhusa ya kuzima njia kwa saa chache kwa ajili ya majaribio, na fedha zilizotengwa kwa jina lake katika bajeti ya kila mradi mpya wa umeme, kando ya fedha za nguzo na transfoma.